Ankara Namba Tano, Sita na Saba

Bi Zuhura alifariki Jumanne asubuhi, akazikwa Jumanne hiyo hiyo baada ya alasiri, nami habari zikanifika Muheza siku ya pili nikiwa nakuna nazi. Aliyenipigia simu ni Saumu, binti wa mpwa wake, ambaye ndiye aliyekuwa akimtunza katika ile nyumba ya Barabara ya Nane pale Tanga mjini. Hakusema mengi. Alisema bibi ametutoka, hakuugua kwa muda mrefu, kisha akasema kuna bahasha yangu. Nikamuuliza bahasha ya nini. Akasema hajui, imeshonwa kwa uzi pande zote, na juu yake bibi ameandika kwa herufi za Kiarabu: Monika wa taipu. Nilikiweka kando kifuu cha nazi. Hakuna mtu aliyeniita hivyo kwa miaka sitini. Siku hizi mimi ni bibi tu, kwa kila mtu, hata kwa wale wanaoniuzia dawa ya magoti.

Nilizaliwa wapi na nani, hayo yako kwenye vyeti na atakaye akavisome. Mimi nataka kuusimulia mwaka mmoja tu, mwaka wa hamsini na tano, nilipokuwa na miaka kumi na tisa na kujiona nimekamilika. Masista walikuwa wamenifunza kupiga taipu, na wakala mmoja wa meli karibu na bandari akanichukua, si kwa kuwapenda wasichana ofisini mwake, bali kwa sababu karani wake alikuwa amehamia Mombasa na barua zimemlundikania mezani. Ofisi ilikuwa ghorofani. Chini kulikuwa na ghala, na harufu ya mkonge ilipanda ngazi ikatuingia hadi kwenye nywele. Dirishani niliziona meli zimetia nanga mbali kidogo, maana siku zile hazikufika ukingoni, na matishali yakienda na kurudi kuleta shehena. Karani mkuu alikuwa Mgoa mmoja, Bwana Lobo, mfupi, mwenye miwani, aliyekula mkate na achari saa sita kamili bila kukosa hata siku moja. Alinipa daftari jipya akaniambia niandike humo kila neno la kazi na maana yake kwa Kiswahili, kwa kuwa wateja wetu wengi hawakujua Kiingereza. Daftari hilo ninalo mpaka leo. Ankara: karatasi ya mwenye kupeleka mzigo, inayotaja ni kitu gani, kiasi gani, bei gani, na saini yake chini. Hati ya shehena: karatasi ya meli inayothibitisha kwamba mzigo umepakiwa, mwenye kuishika hati ndiye mwenye mzigo. Rupia moja: shilingi na nusu. Notisi ya kuwasili: barua ya kumwambia mtu kwamba mzigo wake umefika. Hii ya mwisho ndiyo iliyokuwa kazi yangu hasa, na maneno yake hayakubadilika kwa mtu yeyote, tajiri wala fukara: Bwana, tunakujulisha kwamba shehena yako imewasili. Tafadhali fika na hati zako uipokee.

Bwana Mbaruku bin Omari alikuwa na duka la vyombo na nguo, na mizigo yake ilipita kwetu. Nilimwona mara moja tu akiwa hai. Alikuja kuaga kabla ya kwenda Bombei kununua bidhaa, akiwa na kanzu iliyopigwa pasi vizuri na harufu ya marashi ya waridi iliyobaki chumbani baada ya yeye kushuka ngazi. Alitia saini mbele yangu kwa wino wa zambarau, na nikaikumbuka saini ile kwa sababu herufi yake ya M ilianza na mkono mrefu uliopanda juu kupita kiasi, ukaingia hadi kwenye maandishi yangu. Iliniudhi. Mimi nilipenda barua zangu ziwe safi.

Safari ya kwenda ilikuwa njema. Safari ya kurudi, zikiwa zimebaki siku mbili kufika Mombasa, mtumishi wa meli aligonga mlango wa chumba chake kumpelekea chai ya asubuhi, asijibiwe. Alipofungua alikuta kofia imetundikwa, kitanda kimetandikwa, na viatu viko sakafuni vimepangwa sawasawa, ncha zikielekea mlangoni. Mtu hakuwemo. Waliitafuta meli nzima, mpaka kwenye makaa na mashuani, wasimwone. Nahodha akaandika hati ya kueleza hayo, hati ikaja Tanga, kadhi akaisoma akasema bahari imemchukua. Bi Zuhura, mkewe, akaingia eda. Hawakuwa na mtoto.

Hazikupita wiki tatu ikaja meli na sanduku la mbao lenye alama ya Bwana Mbaruku. Kila mfanyabiashara alikuwa na alama yake, iliyopakwa kwa rangi nyeusi ili hata makuli wasiojua kusoma waijue: yake ilikuwa almasi yenye M na O ndani, na TANGA chini yake. Makuli waliitambua mara moja. Waliliteremsha sanduku kutoka kwenye tishali, wakaliweka peke yake kwenye pembe ya ghala, na hakuna aliyelikalia wakati wa kupumzika, ingawa masanduku mengine yote waliyafanya viti. Karatasi zikaletwa juu kwangu. Nikamuuliza Bwana Lobo notisi niiandike kwa nani. Akasema kwa yule aliyetajwa. Nikamwambia amekufa. Bwana Lobo hakuinua hata kichwa.

"Karatasi haiendi mazikoni, Monika. Piga taipu."

Nikapiga. Bwana Mbaruku bin Omari, tunakujulisha kwamba shehena yako imewasili. Nilipofika kwenye tafadhali fika, niliacha kupiga nikatazama mlangoni, mchana kweupe, jua limejaa chumba kizima. Ili nijitulize nikaichukua ankara kuisoma. Bilauri za chai, dazeni arobaini. Bei kwa rupia. Pembeni, juu kabisa, namba moja, ndogo, kwa wino wa zambarau. Chini, saini yenye ule mkono mrefu wa M. Na tarehe iliyopigwa taipu ilikuwa ya siku kumi na moja baada ya mtumishi kuvikuta vile viatu.

Notisi, pamoja na ankara yake, ilibidi ipelekwe nyumbani. Tarishi wetu alikuwa mwanamume, na mwanamume asiyekuwa maharimu haingii kwa mwanamke aliye kwenye eda, kwa hiyo nikatumwa mimi. Nilipokewa na Bi Mwanaidi, kizee aliyekuwa akimhudumia mfiwa, akanipitisha ukumbini hadi chumba cha ndani. Kioo kilikuwa kimefunikwa kaniki. Hapakuwa na udi, hapakuwa na asumini, hata sabuni iliyokuwa kwenye bakuli ilikuwa ile ya kufulia isiyo na harufu. Bi Zuhura alikuwa ameketi kwenye mkeka kwa nguo nyeupe za bafta, nywele zimefungwa tu, bila wanja, bila hina. Nilidhani nitamkuta mwanamke wa makamo. Alikuwa na miaka thelathini, pengine pungufu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaniambia keti, kula kwanza. Tukala bada, ule ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa samaki mkavu, kisha Bi Mwanaidi akakaa kutumenyea machungwa. Nikamsomea notisi. Hapo ndipo ningepaswa kuaga nikaenda zangu. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa na siri iliyonichoma ulimini tangu asubuhi, nikamwambia habari ya tarehe.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Akataka niisome ankara yenyewe, nikaisoma mara tatu. Akaichukua, akaisogeza karibu na macho, akaweka kidole gumba juu ya saini, akasema huu ni mkono wake. Akaitazama ile namba ya pembeni kwa muda mrefu zaidi kuliko alivyoitazama saini. Nilitegemea alie, au aanguke, kama wanawake wafanyavyo kwenye hadithi. Badala yake aliniuliza barua ya ndege hufika Bombei kwa siku ngapi. Nikajibu kwa majivuno ya kazi yangu kwamba wiki moja, ikikawia sana siku kumi. Bi Mwanaidi akaacha kumenya chungwa, kisu kikabaki hewani, kisha akaendelea.

Nimeyarudia mazungumzo hayo kichwani mwangu mara nyingi kuliko sala zangu. Kwa miaka sitini nilikuwa nikijilaumu kwa lile tendo la kufungua kinywa. Sikujilaumu kwa lile lililostahili, lakini hayo yanakuja.

Mzigo wa pili ulifika mwezi uliofuata, ankara namba mbili, majora ya bafta. Ni nguo ya biashara kama nyingine, kila duka lilikuwa nayo, lakini makuli walisema marehemu anajiletea sanda, na mmoja wao akakataa kuibeba akarudi kwao Moa bila kuchukua hata ujira wa siku ile. Wa tatu ulikuwa saa za ukutani. Nilikuwa ghalani nikihakiki alama pale sanduku lilipotuliwa chini, tukaanza kusikia humo ndani kitu kinagonga, taratibu, bila kukosea. Makuli walitoka nje wote. Bwana Lobo alishuka, akaweka sikio kwenye mbao, akasema ni timazi ya saa mojawapo, ile inayoning'inia, imetikiswa na winchi, itasimama yenyewe. Alikuwa sahihi, nilijua ni sahihi, na bado niliisikia ikigonga siku ile nzima nikiwa juu kwenye taipu yangu, mpaka ikawa napiga herufi kwa kuifuata. Mzigo wa nne ulikuwa marashi ya waridi. Chupa moja ilivunjika ghalani yakanirukia nguoni, na kwa kuwa notisi ilikuwa mkononi nikaenda nayo Barabara ya Nane vivyo hivyo. Nilipoingia chumba kile kisicho na harufu, Bi Zuhura alisimama ghafla kabla hajaniona, akageukia mlangoni na uso ambao sitausahau. Aliponiona mimi akakaa tena. Niliogopa, na nilimwonea huruma kiasi cha kushindwa kusoma notisi, akaisoma Bi Mwanaidi kwa kukisia, maana maneno alikwisha kuyajua kwa moyo.

Kila tarehe ilikuwa mbele zaidi ya ile iliyotangulia. Tangu siku ya kwanza nilipokwenda, palikuwa na vikombe vitatu: changu, chake, na kimoja kilichowekwa mezani mbele ya kiti kitupu, kimejazwa chai ya tangawizi. Sikuthubutu kuuliza. Siku moja, karibu na mwisho wa mwezi wa tatu wa eda, tulikuwa tumekaa hivyo mara tukasikia sauti barazani. Alikuwa Athumani, ndugu wa Bwana Mbaruku, mtu mnene mwenye sauti ya upole, ambaye hakuingia ndani kwa heshima ya eda bali alisema kupitia dirishani, pazia likiwa limeshushwa.

"Shemeji, eda ikimalizika tutagawa kama sheria ilivyosema. Robo yako utaipata. Zilobaki ni zangu, miye ndo ndugu yake. Na weye nitakusitiri, nitakuoa, sitakuacha utange na njia."

Alisema bila ubaya. Nadhani alijiona anafanya wema. Lakini niliuona mkono wa Bi Zuhura ukishika ukingo wa mkeka, nikaelewa kilichokuwa kikimsubiri: nyumba itauzwa ili robo ipatikane, duka litabadilishwa jina, naye atakuwa mke wa pili katika nyumba ya mtu asiyemtaka, akiomba fedha ya sabuni. Alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Kikombe cha nduguyo ki hapa mezani, Athumani. Chai yake haijapoa."

Tulisikia ndara za Athumani zikiondoka, upesi upesi, na moja ikamtoka mguuni asirudi kuiokota. Bi Zuhura akaniuliza kama niko tayari kwenda mbele ya kadhi na zile ankara, nikaseme nilichokiona. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Nilimpenda, nataka hilo lijulikane. Bwana Lobo nilipomweleza, alivua miwani akaifuta muda mrefu, akanipa ushauri ambao sikuuelewa.

"Nenda. Lakini isemee karatasi, usimsemee mtu."

Siku chache kabla ya shauri, ikaja meli nyingine. Haikuwa sanduku safari hii, ilikuwa kifurushi kidogo kilichoshonewa gunia, chenye alama ile ile ya almasi. Ankara ilisema: makubadhi ya kike, jozi moja, si ya kuuza. Tarehe ilikuwa ya miezi miwili na zaidi tangu mtu apotee. Saini ile ile, wino ule ule. Pembeni, namba nane. Nilidhani nimeona vibaya. Moja, mbili, tatu, nne, kisha nane. Niliandika kwenye daftari langu: namba tano, sita na saba ziko wapi? Nikaamua ziko njiani, katika meli fulani iliyopita bandari nyingine kwanza, na nikaanza kuzisubiri.

Kadhi alikuwa mzee makini. Alizipanga ankara tano kwenye meza yake, akazilinganisha na barua za zamani za Bwana Mbaruku, kisha akamwita Athumani akamuuliza kama anautambua mkono ule. Athumani angeweza kukana. Alizitazama moja baada ya nyingine, jasho likimtoka, akasema ni mkono wa ndugu yangu, Wallahi. Nikaitwa mimi, nikaapa kwa dini yangu, nikaulizwa maana ya karatasi hizi kwa mtu wa kazi ya meli. Ningeweza kusema: ni ankara, zina saini, zina tarehe. Nikasema, kwa sauti kubwa ili wa nyuma wasikie, kwamba kwa tarehe hizi Bwana Mbaruku yu hai na anapakia mizigo Bombei. Kadhi akaagiza makubadhi yapelekwe nyuma ya pazia alikokuwa Bi Zuhura. Tulisikia ngozi mpya ikilia sakafuni, hatua mbili. Bi Mwanaidi akatoka akasema yamemwenea kama aliyepimwa.

Basi kadhi akatamka kwamba Mbaruku bin Omari si maiti bali ni mafkudi, mtu asiyejulikana alipo. Kwamba mali ya aliyepotea haigawanywi wala mkewe haolewi mpaka ije habari ya yakini. Na kwamba Bi Zuhura atoke edani, akae nyumbani mwa mumewe na kuliangalia duka lake. Nilitoka nje nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda vita. Athumani alikuwa amesimama uani, anafuta machozi kwa ncha ya kanzu. Sikutegemea hilo. Aliniambia, mwanangu, umenirudishia ndugu yangu. Na tangu siku hiyo, kila meli ya Bombei ilipotia nanga, nilimwona kutoka dirishani amesimama mbele ya forodha, kwenye jua, akitazama kila uso ulioteremka kwenye mashua. Alifanya hivyo mpaka alipokufa, miaka tisa baadaye.

Wiki moja baada ya hukumu niliziweka ankara kwenye jalada. Nilikuwa na tabia ya kuitazama kazi ya wapiga taipu wengine ili niione kasoro yao, na ile namba nane nikaisogeza dirishani kwenye mwanga. Mstari wa mwisho wa maandishi ulipita juu ya ule mkono mrefu wa M. Herufi nyeusi zilikuwa zimekaa juu ya wino wa zambarau. Mtu anapotia saini barua iliyokwisha kupigwa taipu, wino wake hupita juu ya herufi. Hapa herufi ndizo zilizopita juu ya wino. Nikazichukua na zile nne. Zote zilikuwa hivyo. Bwana Mbaruku alikuwa ametia saini karatasi tupu, akazipa namba, akamwachia wakala wake kule ili kila bidhaa ikiwa tayari ajaze, aweke tarehe, apakie. Baadaye Bwana Lobo aliniambia wafanyabiashara wanaoaminiana hufanya hivyo siku zote. Alijua tangu mwanzo kwamba inawezekana. Ndiyo maana aliniambia niisemee karatasi.

Nilikwenda Barabara ya Nane, nikaambiwa yuko dukani. Nilimkuta amekaa nyuma ya meza ya mumewe, na kikombe cha tatu kimewekwa huko pia. Nikamwambia nina neno kuhusu zile saini. Akanimiminia chai. Nikaanza tena.

"Monika," alisema, "weye umesema ulichokiona. Kunywa chai."

Nikanywa. Nilidhani ameziba masikio kwa sababu ya mapenzi, kwamba nimemtia tumaini la uongo na sasa hawezi kulitoa moyoni. Nikajiona nimemfunga mwanamke kijana kwa mtu aliyelala chini ya bahari. Nilipomwona kila mwaka siku ya Idi, hakuolewa, hakubadilisha jina la duka, makubadhi yamewekwa juu ya kabati hayajakanyaga udongo, nilirudi Muheza na uzito huo. Nilikwenda kuungama mara mbili, na mara zote mbili padri hakuelewa ankara ni nini.

Hitima ya Bi Zuhura ilisomwa Ijumaa. Nilikaa na wanawake ndani, katika chumba kile kile, kioo kimefunikwa tena. Saumu akaniletea bahasha na mkasi. Nilikata uzi. Humo mlikuwa na karatasi tatu, zimegeuka rangi ya mkate, tupu toka juu mpaka chini, isipokuwa mwisho wake palipokuwa na saini kwa wino wa zambarau, na mkono mrefu wa M ukipanda kwenye weupe bila kugusa kitu. Pembeni namba tano. Pembeni namba sita. Pembeni namba saba.

Nilizisubiri kwa meli miaka yote ile, nazo zilikuwa kashani mwake. Bwana Mbaruku alizigawa kabla ya safari: nne alikwenda nazo, nne alimwachia mkewe nyumbani, huenda kwa ajili ya haja yoyote ya duka. Siku ile niliyomsomea namba moja, Bi Zuhura alijua palepale saini ile imetoka wapi. Alijua kabla yangu, kabla ya kadhi. Nami, kwa kiherehere changu cha tarehe, ndiye niliyemwonyesha inavyoweza kumwokoa. Akachukua ya nane, ya mwisho kabisa, akaipeleka kwa ndege kwa yule wakala wa Bombei, akajiagizia makubadhi ya kipimo chake mwenyewe, zawadi kutoka kwa marehemu, akaniacha mimi niisimamie kwa kiapo. Nilikasirika, nakiri. Nilikasirika mbele ya watu wanaosoma Yasini. Miaka sitini, Bi Zuhura, nimebeba dhambi ambayo hukuwa na haja ya kuniachia. Kisha nikamkumbuka Athumani kwenye jua mbele ya forodha, na hasira ikageuka kitu kingine, maana huyo sote wawili tulimsimamisha pale.

Kijana aliyekuwa akigawa pilau aliinama kuniwekea sahani akaziona. Ni mjukuu wa Athumani. Akaniuliza kwa adabu, Bibi, ni karatasi gani hizo. Nyumba ile, ambayo ingekuwa ya babu yake, sasa ni ya Saumu, alikwisha kupewa kwa hati. Nikasema ni za taipu tu, mwanangu, nikazikunja kwenye mkoba.

Nilipokuwa naondoka nilimuuliza Saumu kama bibi yake aliwahi kumzungumzia mumewe. Akasema mara chache. Ila kikombe chake kiliwekwa kila siku, asubuhi na alasiri, hata mwaka huu, hata yeye alipokuwa hatoki tena kitandani na hakuna mgeni ndani ya nyumba. Jumatatu alasiri ndiyo ilikuwa mara ya mwisho. Bibi alikiangalia, akasema chai inapoa, akalala. Nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi. Athumani alikuwa amekufa, kadhi amekufa, hakuna wa kudanganywa aliyebaki. Kikombe hicho alimwekea nani?

Taipu yangu ya zamani bado inafanya kazi, ingawa utepe wake ni wa kuungaunga. Jana asubuhi niliitoa, nikaweka karatasi safi, si mojawapo ya zile tatu, hizo sitazigusa. Vidole havikusahau. Bwana Mbaruku bin Omari, tunakujulisha kwamba Bi Zuhura amewasili. Tafadhali fika umpokee. Nilipomaliza niliketi nikaisoma, kisha, sijui kwa nini, nikainuka nikaufungua mlango.